Noeli Katika Santuri: Kwaya Zilizosikika na Shadda Iliyohama

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapoanza somo la fonolojia ya Kiswahili hufundishwa mapema kwamba shadda katika lugha hii huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Husema Mwokozi kwa kukaza ko, Bethlehemu kwa kukaza he, na amezaliwa kwa kukaza li. Kanuni hiyo haina mambo mengi ya kuivunja. Halafu Desemba inafika, mwanafunzi yule yule anajiunga na kwaya ya kanisa lake, na kwa wiki nne nzima anaikaza silabi isiyostahili, tena kwa sauti kubwa, na hakuna anayemsahihisha.

Katika makala haya tunajaribu kueleza hali hiyo imetoka wapi. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wamisionari walitafsiri nyimbo vibaya. Sisi tunaona kuwa hiyo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili imo katika historia ya mashine: santuri, redio na kaseti, ambazo ndizo zilizoamua ni kwaya gani isikike duniani kote kila mkesha wa Noeli, na ni kwaya gani iishie ndani ya kuta zake.

Tuanze na Noeli ambayo haikunaswa. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na siku ya Noeli ya mwaka huo huo liliwekwa mahali pale jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kianglikana. Ibada ya kwanza ilifanyika humo siku ya Noeli 1877, ingawa jengo lilikuwa bado halijakamilika. Msimamizi wa kazi yote alikuwa Askofu Edward Steere, ambaye wanafunzi wetu wanamfahamu zaidi kwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha 1870 na kwa tafsiri zake za sala na maandiko. Siku moja tu kabla ya ibada hiyo, tarehe 24 Desemba 1877, huko Marekani Thomas Edison aliwasilisha maombi ya hataza ya mashine yake ya kunasa sauti. Ingekuwa vyema kama mambo hayo mawili yangekutana. Hayakukutana. Namna waumini wa Unguja walivyoyatamka maneno yao wakiimba asubuhi ile imepotea pamoja nao.

Miaka mitatu baadaye, mkesha wa Noeli 1880, askofu mwingine alikuwa akiongoza ibada katika jengo ambalo nalo halikuwa kanisa kamili. Huyo ni Edward White Benson, askofu wa kwanza wa Truro, kusini magharibi mwa Uingereza. Kanisa kuu lake lilikuwa linajengwa, kwa hiyo waumini walikuwa wakisali katika kibanda kikubwa cha mbao. Benson alipanga ibada ya masomo tisa kutoka katika Biblia, na kati ya somo na somo zikaimbwa nyimbo za Noeli. Wasomaji walipangwa kwa ngazi: wa kwanza alikuwa mvulana wa kwaya na wa mwisho askofu mwenyewe. Wasomaji wetu wa Uganda watapenda kujua kwamba Benson huyu ndiye aliyepanda kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1883, na kwamba ni katika wakati wake ndipo James Hannington alipowekwa wakfu kuwa askofu wa sehemu zetu mwaka 1884, akauawa Busoga Oktoba 1885. Truro na Busoga si mbali kama ramani inavyotaka tuamini.

Ibada ya Truro ingeweza kubaki desturi ya mji mmoja. Iliyoifanya iwe ya dunia ni Cambridge, na iliyoisaidia Cambridge ni maikrofoni.

Kabla ya 1925 kwaya haikuwa na nafasi kubwa katika santuri. Waimbaji walisogezwa mbele ya pembe kubwa ya bati, na nguvu ya sauti yao peke yake ndiyo iliyoisukuma sindano ichore mfuo katika nta. Watu 40 hawawezi kutosha mbele ya pembe moja. Wa nyuma wangeimbia migongo ya wenzao. Kwa hiyo kampuni zilitumia waimbaji wachache wa kulipwa na kuwapa jina la heshima. Kampuni ya Victor ya Marekani, kwa mfano, iliuza santuri nyingi za dini kwa jina la Trinity Choir, jina linalomfanya mnunuzi afikirie kanisa, ilhali waimbaji walikuwa wa studio.

Kwa mwalimu wa lugha kuna jambo zito zaidi. Pembe ile haikuweza kunasa sauti za juu. Mtetemo wa zaidi ya takriban 2,500 kwa sekunde ulipotea, na humo ndimo inamokaa sehemu kubwa ya s, sh na f. Katika santuri za namna hiyo tofauti ya saa na faa inategemea huruma ya msikilizaji. Irabu zilibaki, konsonanti nyingi zikawa vivuli. Msikilizaji alielewa maneno kwa sababu alikwisha kuyajua kanisani.

Mabadiliko yalikuja ghafla. Tarehe 31 Machi 1925, katika jumba la Metropolitan Opera mjini New York, vyama vya waimbaji wanaume vilivyojiita Associated Glee Clubs of America vilikusanyika kwa tamasha, na kampuni ya Columbia ikalinasa kwa maikrofoni za umeme. Upande mmoja wa santuri iliyotokana na jioni hiyo ulisemwa kuwa na sauti 850. Upande wa pili ulikuwa Adeste Fideles, na hapo wasikilizaji ukumbini nao waliimba, kwa hiyo kampuni ikatangaza sauti 4,850. Hesabu hiyo ni ya muuzaji, na muuzaji tunamjua. Lakini ukweli unabaki kwamba kwa mara ya kwanza umati mzima uliingia katika sahani moja, na wimbo uliochaguliwa kuonyesha uwezo huo ulikuwa wa Noeli, ingawa ulikuwa mwezi wa Machi.

Sasa twende Cambridge. Chuo cha King's kilianzishwa na Mfalme Henry wa Sita mwaka 1441, naye alikipa wavulana 16 wa kwaya, idadi ambayo inafuatwa hadi leo. Kanisa la chuo lina urefu wa mita 88 na dari ya mawe iliyochongwa kama feni zilizofunguka, ikamalizika mwaka 1515. Sauti humo hukawia hewani. Mwaka 1918 kasisi Eric Milner-White, aliyekuwa ametoka kuhudumu jeshini katika Vita Kuu, aliwekwa kuwa mkuu wa kanisa hilo akiwa na umri wa miaka 34. Aliamini kwamba ibada za kanisa lake zilikuwa kavu mno kwa watu waliorudi kutoka mahandakini. Akachukua mpango wa Benson, akaufanyia marekebisho, na tarehe 24 Desemba 1918 ibada ya Masomo Tisa na Nyimbo ikafanyika King's kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mwezi mmoja tu tangu jeshi la Lettow-Vorbeck lisalimu amri huko Abercorn, na familia za wapagazi wa Afrika Mashariki zilikuwa bado zinawangoja watu wasiorudi. Milner-White naye alitunga sala ya ufunguzi inayowakumbuka wale wanaofurahi pamoja nasi wakiwa ng'ambo nyingine, mahali penye nuru zaidi. Kila aliyekuwamo kanisani alijua ni akina nani.

Mwaka uliofuata, 1919, alibadili mpango, na tangu hapo ibada hufunguliwa kwa wimbo Once in Royal David's City, maneno ya Cecil Frances Alexander ya mwaka 1848. Ubeti wa kwanza huimbwa na mvulana mmoja peke yake, bila kinanda. Stephen Cleobury, aliyeiongoza kwaya hiyo kuanzia 1982 hadi 2019, alikuwa akiwaandaa wavulana kadhaa na kumwonyesha mmoja wao kwa ishara dakika ya mwisho kabisa, ili hofu isipate muda wa kumwingia.

Tarehe 24 Desemba 1928 shirika la BBC, lililokuwa na umri wa miaka sita tu, liliitangaza ibada hiyo redioni. Isipokuwa mwaka 1930, limeitangaza kila mwaka tangu wakati huo. Mwaka 1928 ni mwaka wa kukumbukwa kwetu pia. Ndio mwaka kituo cha redio cha Nairobi kilipoanza, kikiwahudumia walowezi kwa Kiingereza. Tena ndio mwaka Siti binti Saad alipovuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kunasa nyimbo zake katika santuri, na Kiswahili cha kuimbwa kikawa na ushahidi unaosikika. Tuzingatie tofauti hii: taarabu ilipata santuri zake mapema, na mwenye lugha ndiye aliyetunga, akaimba, akasikilizwa. Kwaya za Kiswahili zilichelewa kwa miongo kadhaa. Pengo hilo lilijazwa na wengine.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vioo vya kale vya kanisa la King's viliondolewa kwa kuhofia mabomu, madirisha yakazibwa, na ndani hapakuwa na joto. Matangazo yaliendelea, lakini jina la mahali halikutajwa hewani, kwa usalama. Hili linatuvutia sana. Kwa miaka kadhaa ibada ilikuwa sauti isiyo na mahali. Msikilizaji hakuambiwa ni kanisa gani. Aliisikia tu, na kama alikuwa akiisikia tangu 1928, aliitambua. Pengine hapo ndipo sauti ya chuo kimoja ilipoanza kuchukuliwa kuwa sauti ya Noeli yenyewe.

Baada ya redio ikaja santuri ndefu. Sahani za zamani zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilibeba dakika nne au tano tu kila upande, yaani wimbo mmoja. Santuri ndefu, iliyotoka mwaka 1948, ilibeba zaidi ya dakika 20. Sasa iliwezekana kuweka ibada, si wimbo tu: somo, wimbo, somo, wimbo. Mwaka 1954, chini ya uongozi wa Boris Ord, ibada ya King's ilinaswa na kampuni ndogo iliyoitwa Argo. Inafaa kuijua kampuni hiyo. Iliasisiwa na Harley Usill mwaka 1951, na kazi iliyoipa sifa ni kunasa maneno: mashairi, na baadaye tamthilia zote za Shakespeare, kati ya 1957 na 1964, chini ya George Rylands, ambaye alikuwa mwalimu wa King's hapo hapo. Kwa maneno mengine, waliotuletea santuri ya kwaya maarufu kuliko zote za Noeli walikuwa watu waliojali matamshi. Ukiisikiliza utaona. Konsonanti za mwisho zinatua pamoja kama mguu mmoja, na ndani ya jengo lenye mwangwi mrefu kiasi kile hilo si jambo dogo.

David Willcocks, aliyeongoza kutoka 1957 hadi 1973, aliongeza sauti za juu za soprano katika beti za mwisho za nyimbo kubwa, na mwaka 1961, pamoja na Reginald Jacques, akahariri kitabu Carols for Choirs. Santuri na kitabu vikasafiri pamoja. Mwalimu wa kwaya mjini Kampala, Nairobi au Dodoma aliweza kusikia namna ya kuimba na kupata noti za kuimba. Leo makanisa mengi ya Kianglikana ya Afrika Mashariki yana ibada ya masomo na nyimbo mwezi Desemba, na taratibu zake ni zile za Cambridge, hata pale ambapo waumini hawajawahi kulisikia jina la Milner-White. Hata mwaka 2020, waumini walipozuiwa kuingia kwa sababu ya UVIKO-19, King's walinasa ibada yao mapema mbele ya viti vitupu ili matangazo yasikatike.

Hapa ndipo shadda inapoingia. Mishororo ya nyimbo za Kiingereza na Kijerumani huishia mara nyingi kwenye neno la silabi moja lenye mkazo, na muziki nao huishia kwenye pigo zito. Kiswahili kwa kawaida hakiwezi kufanya hivyo. Silabi yake ya mwisho ni nyepesi. Chukua Stille Nacht, maneno ya Joseph Mohr na muziki wa Franz Xaver Gruber, ulioimbwa kwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mkesha wa Noeli 1818. Jaribu kuweka neno usiku katika silabi tatu za mwanzo wa wimbo huo. U inapata pigo zito, si inaangukia noti nyepesi na fupi, ku inapata pigo zito tena, na inavutwa. Silabi pekee inayostahili kukazwa ndiyo iliyomezwa. Wafasiri wengi walihesabu mizani kwa uangalifu, na mizani inatimia. Shadda hawakuihesabu.

Adeste Fideles ni habari nyingine. Wimbo huo, ambao kwa kawaida huhusishwa na mnakili wa muziki John Francis Wade wa karne ya 18, ulitungiwa maneno ya Kilatini, na Kilatini nacho hakikazi silabi ya mwisho ya neno lenye silabi mbili au zaidi. Mishororo mingi ya wimbo huo hutua kwa pigo zito likifuatiwa na jepesi, kama Kiswahili kinavyopenda. Ndiyo sababu, kwa maoni yetu, tafsiri zake za Kiswahili huimbika vizuri kuliko za nyimbo nyingine za Noeli, na wala si kwa sababu mfasiri alikuwa hodari zaidi.

Santuri iliongeza tatizo. Kwaya inayojifunza kwa kuisikiliza King's hujifunza pia kusukuma mwisho wa neno, kwa sababu Kiingereza kina konsonanti pale. Kiswahili kina irabu. Basi nguvu yote ya t na d inamwagwa juu ya irabu isiyo na mkazo, na Bethlehemu inakuwa na mu kubwa kuliko he. Tumelisikia hilo katika kwaya nzuri, zenye soprano safi na besi imara.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na kuna waliofanya vingine. Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alichapisha mwaka 1963 utafiti wake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka ule ule Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipofungua mlango kwa lugha za wenyeji katika ibada. Huko Makumira, karibu na Arusha, Mmarekani Howard Olson alikusanya tuni za Kitanzania na kuzitolea kitabu, Tumshangilie Mungu. Mchungaji Bernard Kyamanywa wa Bukoba aliandika Mfurahini, Haleluya kwa tuni ya Kihaya. Ni wimbo wa Pasaka, lakini tunautaja kwa kuwa safari yake ni ya kinyume: umetafsiriwa kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza na umo katika vitabu vya nyimbo vya Marekani. Huko Kamina, Katanga, ambako Kiswahili pia husemwa, Padre Guido Haazen na kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin walitoa Missa Luba mwaka 1958, na santuri yake ikaenea Ulaya. Gloria yake ni ule wimbo wa malaika wa Bethlehemu, kwa Kilatini cha Kanisa na midundo ya Kongo.

Kwaya za Kiswahili zilipopata maikrofoni hatimaye, zilizipata kwa njia ndefu. Mwaka 1963 Walutheri walifungua Redio Sauti ya Injili mjini Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili viliandaliwa katika studio ya Moshi. Sauti iliyonaswa chini ya Kilimanjaro ilisafiri katika utepe hadi Ethiopia ili irudi Tanzania kwa njia ya hewa. Serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo hicho mwaka 1977. Studio ya Moshi ilibaki. Redio Tanzania Dar es Salaam nayo ilinasa kwaya katika kanda zake. Kisha kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, ikashuka bei hadi kwaya ya mtaa ikaweza kuwa na toleo lake: nusu saa upande wa kwanza, nusu saa upande wa pili, picha ya waimbaji wenye sare juu ya karatasi. Kaseti hizo zilivuka mipaka kwa mabasi.

Hapa Uganda nyimbo za Noeli kanisani huimbwa zaidi kwa Kiingereza na kwa Kiganda au lugha nyingine za nyumbani. Kwa wanafunzi wetu wengi, Kiswahili cha kuimbwa walichokisikia kwanza kilitoka katika kaseti ya kwaya ya Mwanza, Dar es Salaam au Nairobi, miaka mingi kabla ya kukanyaga darasa letu. Walikariri beti nzima bila kuzielewa. Kwaya hiyo ilikuwa mwalimu wao wa matamshi, awe mzuri au mbaya, na mara nyingi alikuwa mzuri, kwa sababu kwaya za vijana za kuanzia miaka ya 1980 zilikuwa zikitunga tuni zao wenyewe na shadda ikakaa mahali pake.

Kaseti zimetoka sokoni sasa, na utepe wake unanata na kuoza. Aliyebakiwa na chache nyumbani azilete idarani, hata kama hana tena chombo cha kuzichezea. Cha idara kinafanya kazi. Katika zoezi la muhula huu tunaweka nyimbo mbili za Noeli ubaoni, mmoja wa kutafsiriwa na mmoja uliotungwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anasikiliza mara tatu, anapiga mstari chini ya kila silabi iliyoangukia pigo zito, kisha anasoma maneno yale yale kwa mdomo, bila tuni, na kupiga mstari wa pili kwa kalamu ya rangi nyingine.